Uyoga Usio na Mchumaji

Bibi yangu alikulia Tabora na hajawahi kula uyoga asiomjua aliyeuchuma. Utotoni mwake, jirani alipika sufuria moja tu ya uyoga. Kesho yake wakazika wawili.

Kwa hiyo nilipoingia Mbagala na pakiti ya shiitake mkavu, aliisukuma pembeni. "Huu kauchuma nani?"

"Umepandwa, Bibi." Nikamweleza kwamba mwaka 1313, Wang Zhen wa China alishaandika namna ya kuukuza: magogo hukatwa, hutiwa mikato kwa shoka, kisha hupigwa kwa rungu ili uyoga ushtuke. Jina ndilo la Kijapani. Shii ni mti, take ni uyoga.

Bibi akacheka. "Wa kwetu unalimwa na mchwa."

Ni kweli. Mchwa wamekuwa wakiulima uyoga wa kichuguu kwa mamilioni ya miaka, na mpaka leo binadamu hajaweza kuupanda bila wao.

Nikachagua wenye kofia nene, kingo zimejikunja ndani, nikauloweka. Vikonyo nikavikata, maana hubaki kama kamba. Maji ya kulowekea usimwage! Niliyachuja nikayatia kwenye tui. Nikaupika hadi ukaiva kabisa, kwani usioiva huwatoa watu wengine vipele.

Nilikula peke yangu. Bibi alikula ugali kwa dagaa, akinitazama. Usiku alinigongea mlango mara mbili.

Asubuhi aliniona nafagia uwanja. Akauliza kama kuna kiporo.