Bunduki, Sheria na Mahakama: Funzo Kutoka Marekani

Wahenga walinena kwamba sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Lakini tukiichungua historia ya haki ya kumiliki silaha nchini Marekani, twaona kwamba kwa muda mrefu msumeno huo ulikata upande mmoja tu.

Mwaka 1791 nchi hiyo iliongeza katika Katiba yake kifungu kifupi kisemacho kwamba haki ya watu ya kuwa na silaha na kuzichukua isivunjwe. Watu gani? Mwaka 1857, Mahakama ya Juu ilipoamua shauri la mtumwa Dred Scott, Jaji Mkuu Taney alishikilia kwamba Mtu Mweusi hawezi kuwa raia. Miongoni mwa hoja zake ilikuwamo hofu hii: akiwa raia, ataweza kutembea na silaha popote aendapo.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikauvunja utumwa, na mwaka 1868 Weusi wakapata uraia. Hata hivyo, mwaka 1873, huko Colfax katika jimbo la Louisiana, Wazungu wenye silaha waliwaua makumi ya Weusi, wengi wakiwa wamekwisha kusalimu amri. Watu watatu walitiwa hatiani. Mwaka 1876 Mahakama ya Juu ikabatilisha hatia hizo, ikisema kwamba kifungu cha 1791 chaizuia serikali kuu tu, wala hakimlindi raia dhidi ya raia mwenzake. Hivyo Weusi wa kusini wakaachwa mikononi mwa waliowaonea.

Mwaka 2008 Mahakama hiyo iliamua, kwa majaji 5 dhidi ya 4, kwamba kila raia ana haki ya kuweka bastola nyumbani ajilinde. Mwaka 2010 mzee Mweusi wa Chicago, Otis McDonald, alishinda shauri lililoyabana majimbo na miji pia. Hukumu yenyewe iliyataja mauaji ya Colfax. Mwaka 2022 haki hiyo ilipanuliwa hadi nje ya nyumba. Wapinzani hulalamika kwamba serikali za miji zimefungwa mikono katika kupunguza mauaji. Mwaka 2024, kwa majaji 8 dhidi ya 1, Mahakama ilikubali kwamba aliyeonekana na mahakama kuwa hatari kwa mwenzi wake aweza kunyimwa silaha.

Maneno ya 1791 hayakubadilika hata herufi moja. Basi mwanafunzi wa historia asiridhike kuuliza sheria yasemaje. Aulize pia yafasiriwa na nani, na yamlinda nani.