Gogogo kekeo: ulezi wa vifaranga katika tangi la nyumbani

Gogogo kekeo (Synodontis multipunctatus) ni kambale wa Ziwa Tanganyika, mwenye madoa meusi ubavuni na tumbo jeupe. G. A. Boulenger alimweleza kisayansi mwaka 1898. Anafananishwa na kekeo, ndege atagaye katika viota vya wenziwe, na ufanano huo si wa kupamba jina. Baadhi ya samaki wa jamii ya perege ziwani humo huatamia mayai kinywani. Jike anapotaga, gogogo hujipenyeza, hula baadhi ya mayai yake na kuacha ya kwao. Naye mama, kwa pupa ya kuokota, huyakusanya yote. Mjapani Tetsu Sato alieleza jambo hili mwaka 1986. Mayai ya gogogo huanguliwa kwanza, na vifaranga wakishamaliza kiini chao huwala watoto wa mwenyeji humohumo kinywani.

Kwa hiyo mfugaji kwa kawaida huhitaji samaki wa kuwa yaya. Perege wa Ziwa Malawi wanaoatamia kinywani nao hudanganyika vilevile. Jike mwenye kidevu kilichojaa, asiyegusa chakula, huhamishiwa tangi la peke yake kwa utulivu, maana akishtuka huweza kutema au kumeza alichobeba. Wazoefu humfungua kinywa mapema na kuyaangua mayai katika chombo chenye maji yanayozungushwa taratibu. Mkono mzito huua mayai na mama pia. Anayeanza afadhali amwache awateme vifaranga mwenyewe, baada ya wiki tatu hivi.

Wanaotolewa mapema wamekosa karamu ya kinywani, hivyo njaa ndiyo adui wao mkubwa. Wapewe uduvi wa Artemia walioanguliwa siku hiyohiyo, kidogo kidogo, mara kadhaa kwa siku. Wakikosa chakula hulana. Mabaki yanyonywe kwa mpira mwembamba kabla hayajaoza.

Maji yawe magumu, yenye pH ya 8 hadi 9 na joto la nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Chujio la sponji linalosukumwa na pampu ya hewa linafaa kuliko lenye mota, ambalo huwafyonza wadogo. Maji ya bomba yaondolewe klorini kwanza.

Kuwahamisha, tumia kikombe. Miiba ya mgongoni na ya mapezi ya kifuani hujifunga ikiwa imesimama, na gogogo aliyenasa wavuni mara nyingi hutolewa kwa kuukata wavu wenyewe.