Mbele ya kutia sahihi: historia ya mashine za kupuliza gazi, kutoka Connersville mpaka Kivu

Ndugu na dada wa chama chetu, wengi wenu munajua kama mimi ni muagronome, siko enjenieri. Lakini kuko swali moja lenye kutuhusu sisi wote wa Kivu. Mashine kubwa inafika, imetoka mbali, inang'aa, iko na plaki yenye maandishi mazuri. Tutajua namna gani kama inaweza kweli kazi yenye tulilipia? Leo ninawaletea historia ya mashine za kupuliza gazi, juu inaonyesha vizuri namna watu walijifunza kujibu lile swali.

Mwenye aliona mufua chuma akifanya kazi mu kijiji anajua mivukuto: ngozi mbili, mikono inapanda na kushuka, hewa inaingia mu moto. Mashine ya kupuliza ni mivukuto yenye ilikomaa. Yenye ilifanya ikomae haraka ni gazi ya taa. Mu London, taa za gazi ziliwaka ku barabara ya Pall Mall mu 1807, na mu 1812 kampuni ya kwanza ya kuuzisha gazi mu muji ikapata ruhusa. Ile gazi haikutoka chini ya udongo. Walikuwa wanapika makaa ya mawe ndani ya vyungu vikubwa vyenye kufungwa, bila hewa, kisha wanakamata moshi wake na kuusafisha.

Shida ilikuwa hii: gazi ikikwama ndani ya chungu cha udongo, inasukuma, inapenya mu nyufa, inapotea. Njo maana waliweka mashine ya kuivuta. Lakini mashine ikivuta kupita kipimo, hewa ya inje inaingia kupitia zile nyufa, inachanganyika na gazi, na mchanganyiko huo unaweza kulipuka. Munaona? Tangu mwanzo haikutosha kusema "tuletee mashine ya nguvu." Ilipaswa ivute gazi yenye chungu kinatoa, haiko zaidi, haiko kidogo. Hapo njo kazi ya kuandika masharti mbele ya kununua ilianza kuwa na maana.

Sasa twende Connersville, mu Indiana, Marekani. Ndugu wawili, Philander na Francis Roots, walikuwa na kiwanda cha sufu chenye kuzungushwa na maji ya mutoni. Walitafuta gurudumu la maji lenye kuwa bora, wakatengeneza vipande viwili vya mbao vyenye kuzunguka uso kwa uso ndani ya sanduku. Inasimuliwaka kama mbao zilivimba mu maji, zikakwama. Wakati walizizungusha bila maji ili wazikate vizuri, upepo wenye ulitoka ukapeperusha kofia ya mutu. Ikuwe kweli ao iongezwe chumvi, jambo moja ni hakika: mu 1860 walipata hati ya ugunduzi ya mashine ya kupuliza, na mpaka leo mashine za namna hiyo zinaitwaka Roots.

Uzuri wa Roots ni kwamba kila muzunguko unabeba kiasi kile kile cha gazi, kama vile kopo ya kupimia muchele ku soko. Kuipima iko rahisi: unahesabu mizunguko, unaangalia gazi yenye ilifika upande wa pili, tofauti ni ile yenye ilirudi nyuma kupitia nafasi kati ya vyuma. Viwanda vya gazi vilikuwa na matanki makubwa yenye kifuniko cha kupanda na kushuka, na kifuniko kikipanda, unaona kwa macho kiasi chenye kiliingia. Muuzaji hawezi kubishana na kifuniko.

Kisha zikakuja mashine za gurudumu, zenye kuzunguka mbio sana na kutupa gazi pembeni. Hizi zilileta mutego mupya. Nguvu ya kusukuma yenye zinatoa inategemea uzito wa gazi. Uipe gazi nyepesi, kwa mbio zile zile, inasukuma kidogo. Uipe gazi nzito, inasukuma sana, lakini moteri inachoka. Kwa hiyo ukiipima na hewa tu ku kiwanda chenye kuitengeneza, haujapima kazi yako.

Njo sababu waenjenieri walianza kuandika sheria za kupima. Chama cha Marekani cha ASME kilitoa masharti ya kupima mitungi ya mvuke mu 1884. Kwa mashine za kusukuma gazi, kiko na kitabu chenye kuitwa PTC 10. Chapa ya 1997 inatenganisha vipimo viwili: kimoja na gazi yenyewe ya kazi, karibu na hali yake ya kweli, kingine na gazi ya badala, halafu unafanya hesabu ya kurudisha matokeo ku gazi yako. Upande wa petroli na gazi, kitabu API 617 kinaomba mashine za gurudumu zizunguke saa 4 bila kusimama mbele ya kupokelewa, huku mitetemo na joto la mafuta vikiandikwa. API 619 inahusu mashine za kuzunguka zenye kubeba kiasi kile kile cha gazi kila muzunguko.

Sasa turudi kwetu. Mu 1935 Mubelgiji Hubert Damas alichunguza maji ya Ziwa Kivu, na ikajulikana kama mu vilindi vyake kuko gazi nyingi. Leo tunajua kuko karibu kilometa kyubiki 60 za metani na karibu 300 za gazi karboniki. Mu 1963, ku Cap Rubona, karibu na Gisenyi, kiwanda kidogo kikaanza kutoa metani ya kuchemsha mitungi ya kiwanda cha bia. Tangu 2016, KivuWatt inatoa megawati 26 upande wa Rwanda. Maji yanapandishwa kutoka chini, gazi inatoka kama fukuto la chupa ya bia, kisha inaoshwa na maji ili gazi karboniki na ile yenye kunuka yai bovu zipunguke. Na mu 2022 serikali yetu ilitia ku soko maeneo 3 ya gazi mu lile ziwa.

Tufanye hesabu. Tuseme gazi yenye kuoshwa iko na metani 80 ku 100, na gazi karboniki 20. Uzito wake ni 21.6 wakati hewa iko na 29. Mashine ya gurudumu yenye ilipimwa na hewa itasukuma gazi hiyo kwa karibu robo tatu tu ya nguvu yenye karatasi inasema. Na siku kuosha kutakuwa kubaya, gazi karboniki ikifika 80, uzito unapanda mpaka 38.4, na moteri inabeba muzigo wenye hakuna mutu aliandika.

Kisha kuko urefu. Uso wa Ziwa Kivu uko ku metre 1,460 hivi juu ya bahari, hewa inabana karibu 85 tu pahali pa 101 kilopaskali. "Metre kyubiki 1,000" zenye kupimwa ku digri 0 na ku usawa wa bahari, huku kwetu ku digri 20 zinakuwa karibu 1,280. Mutu mwenye ananunua bila kuandika metre kyubiki ya wapi, ananunua mashine ndogo.

Hiyo nimeiona kwa macho yangu, haiko ku gazi, ni ku mahindi. Kooperative moja ya huku ilipokea mashine ya kukausha. Siku ya kupokea waliiwasha, ikanguruma, watu wakapiga makofi, karatasi ikatiwa sahihi. Plaki ilisema hewa ya usawa wa bahari. Ku milima yetu, upepo ule ule ulibeba hewa pungufu, mahindi yakachelewa kukauka, magunia ya chini yakaota ukungu. Wamama wenye walileta mavuno yao hawakulipwa yote. Muuzaji alionyesha sahihi, na kweli ilikuwa pale.

Ku mahindi hasara ni magunia. Ku ziwa, maji ya chini yenye kujaa mbolea ya asili yasiporudishwa ku kina chenye kufaa, yanaweza kuharibu uhai wa juu, na sambaza zenye zinalisha watu wetu. Ziwa Nyos, mu Kameruni, lilitapika gazi karboniki mu Agosti 1986, na watu karibu 1,700 walikufa. Huku mashine haziruhusiwe kujaribiwa juu ya migongo yetu.

Kwa hiyo, siku mutaitwa mu kamati ya kupokea mashine, ya gazi ao ya mahindi, muulize mambo manne: ilipimwa na gazi gani, ku urefu gani, nani wa upande wetu alikuwa pale, na karatasi ya vipimo iko wapi. Wenzetu wa politekniki, kama kuko kipimo chenye nilisahau, muongeze hapa chini. Wakulima wananiuliza mara mingi, na ninataka niwajibu vizuri.