James Brudenell, Earl wa 7 wa Cardigan

James Brudenell (16 Oktoba 1797 – 28 Machi 1868) alikuwa kabaila, mwanajeshi na mwanasiasa wa Uingereza. Aliingia bungeni mwaka 1818, kisha akapanda jeshini kwa kununua vyeo, kama sheria ilivyoruhusu.

Mwaka 1840 alimjeruhi Kapteni Harvey Tuckett kwa bastola katika pambano la wawili. Bunge la Malodi lilimwachia huru: waendesha mashtaka walishindwa kuthibitisha jina kamili la majeruhi.

Katika Vita vya Krimea, askari wake walilala kambini, yeye kwenye mashua yake ya anasa, Dryad. Tarehe 25 Oktoba 1854, huko Balaclava, aliwaongoza wapandafarasi wapatao 670 kuikabili mizinga ya Warusi. Zaidi ya 100 waliuawa. Yeye alirudi salama.

Sweta la vifungo, kadigani, limebeba jina lake.