Nirushie

Aliyekulia Kayanga au Nkwenda hahitaji kuelezwa maana ya "nirushie". Ndivyo nyimbo na magemu yalivyosambaa Karagwe na Kyerwa, tangu zikiwa wilaya moja kabla ya 2012: simu kwa simu kwa Bluetooth, au kibandani unapojaziwa memori kadi.

Kwa njia hiyo hiyo Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini, aliitoa Salaam, gemu ya amani aliyoitengeneza peke yake kambini kaskazini mwa Uganda. Laptopu alinunuliwa na mama yake, aliyedunduliza dola 300 kwa miaka mitatu. Kuichaji tu kulitaka mwendo wa saa tatu. Gemu ilipokamilika, akawarushia wenzake.

Google Play humtoza mtengenezaji dola 25, mara moja tu, lakini kwa mwanafunzi asiye na kadi ya kulipia mtandaoni huo ni ukuta. Kurusha ni bure. Tabu inatuangukia sisi tunaosoma uzamili wa historia: duka huhesabu kila anayepakua, Bluetooth haihesabu mtu. Mayen alihamia Marekani, akaanzisha Junub Games, akatuzwa kwenye The Game Awards 2018. Hayo utayakuta yameandikwa. Waliocheza kwanza kambini (kwangu hao ndio umma wenyewe) hawakuacha hata namba, na simu zao nyingi bila shaka zimeshakufa.

Mwanafunzi wa Kayanga anayemaliza gemu yake mwaka huu ataanza kwa kuwarushia wanadarasa wenzake. Ningemwomba daftari moja tu: tarehe, toleo, nani kapokea, kakwama wapi.