Okidi ya chui (Ansellia africana)

Okidi ya chui (jina la kisayansi: *Ansellia africana*) ni mmea wa familia ya okidi unaoota juu ya miti katika sehemu kubwa ya Afrika ya tropiki, kuanzia Afrika Magharibi hadi Kenya na Tanzania, na kusini hadi KwaZulu-Natal. Ndiyo spishi pekee inayotambuliwa katika jenasi yake. Huitwa okidi ya chui kwa sababu ya maua yake ya njano yenye madoa ya kahawia. Mara nyingi hufika mikononi mwa watu pale mti ulioibeba unapoangushwa na upepo, au unapokatwa kwa ajili ya mkaa, mbao au kufungua shamba. Makala hii inaeleza namna ya kuitambua okidi iliyookolewa hivyo na kuitunza hadi ishike tena.

Asili ya jina la kisayansi

Jenasi hii ina jina la John Ansell, mtunza bustani Mwingereza aliyefuatana na msafara wa mto Niger wa mwaka 1841 na kuukuta mmea huu katika kisiwa cha Fernando Po, ambacho leo ni Bioko, nchini Guinea ya Ikweta. Mtaalamu wa mimea John Lindley aliuelezea mwaka 1844.

Utambuzi

Okidi iliyookolewa kwa kawaida haina maua, hivyo hutambuliwa kwa mashina, majani na mizizi.

Mashina husimama kwa wingi kutoka shina moja la chini. Ni marefu na yana pingili kama muwa mwembamba, mara nyingi yakifikia sentimita 60 na wakati mwingine zaidi. Ndani yake huhifadhi maji na chakula. Majani ni magumu kiasi, yana mistari ya urefu inayoonekana wazi, na huota sehemu ya juu ya shina. Mashina ya zamani hubaki bila majani lakini huwa bado hai, na hayafai kukatwa maadamu ni manene na mabichi. Shada la maua lenye matawi hutoka kwenye ncha ya shina.

Alama iliyo dhahiri kuliko zote ni mizizi. Okidi hii ina mizizi ya aina mbili. Ya kwanza ni minene, inatambaa na kung'ang'ania gome la mti. Ya pili ni myembamba, myeupe na yenye ncha kali. Haishuki chini bali huelekea juu, ikisongamana kuzunguka mashina kama kikapu cha miiba. Majani makavu, vumbi na vinyesi vya ndege vikianguka hunaswa humo, huoza, na kuupatia mmea virutubisho. Sisimizi nao hupenda kujenga humo.

Mizizi hiyo huwafanya wengi wadhani okidi inaunyonya mti. Sivyo. Mmea huu si kimelea: mizizi yake haipenyi ndani ya mti, na mti kwake ni mahali pa kukaa tu.

Okidi nyingine za miti za Afrika Mashariki ni rahisi kutofautisha. Zile za jenasi *Aerangis* na *Angraecum* hazina mashina ya pingili nene. Majani yake hupangika safu mbili, na maua kwa kawaida ni meupe. *Microcoelia exilis* haina majani kabisa: ni fundo la mizizi ya kijivu inayojitengenezea chakula kwa mwanga wa jua.

Mizizi ya hewani inavyofanya kazi

Mzizi wa okidi ya mtini umefunikwa na tabaka la seli zilizokufa, lenye vitundu vingi, ambalo hufyonza maji ya mvua na umande upesi. Ukiwa mkavu, tabaka hilo hujaa hewa na mzizi huonekana mweupe. Mzizi mnene ukilowa huonyesha ukijani wa ndani. Baada ya kulowa, unahitaji kukauka. Ukifukiwa kwenye udongo hubaki na maji, hukosa hewa, na huoza. Kuzika mizizi ardhini ndiko kunakoua okidi nyingi zilizookolewa.

Hatua za kwanza

Inapowezekana, kata kipande cha tawi pamoja na okidi badala ya kuibandua, kwa kuwa mizizi iliyobanduliwa kwenye gome hukatika. Kisha minya kila mzizi kwa vidole. Ulio hai ni mgumu. Uliokufa hubonyea, ganda lake huchomoka na kubakiza uzi wa katikati. Ondoa iliyokufa kwa kisu kilichopitishwa motoni, na upake jeraha unga wa mkaa. Kikapu cha mizizi ya juu kiachwe kilivyo. Kagua vidung'ata na wadudu gamba chini ya majani na kwenye pingili, uwasugue kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Weka mmea kivulini, penye hewa, siku kadhaa ili majeraha yakauke.

Kupandikiza

Mahali bora ni mti mwingine jirani na ule ulioanguka. Chagua mti wenye gome la kukwaruza lisilobanduka, kama mwembe au mkwaju. Mpera haufai kwa kuwa hujichuna gome. Funga okidi kwa kamba ya mkonge au ukanda wa mpira wa baiskeli, ikaze isitikisike, kwa maana ncha changa za mizizi husagika mmea ukicheza. Kamba iondolewe mizizi ikishashika.

Asiye na mti atumie kikapu au chungu chenye matundu mengi, kilichojazwa vipande vikubwa vya mkaa, magome na makumbi ya nazi. Makumbi yalowekwe kwanza na maji yabadilishwe mara kadhaa ili chumvi itoke.

Maji, mwanga na mbolea

Okidi hii hupenda mwanga mwingi, lakini iliyotoka kuokolewa izoeshwe jua kidogo kidogo. Imwagiliwe asubuhi, kwa maji ya mvua yakipatikana, na iachwe ikauke kabla ya kumwagiliwa tena. Mbolea iliyozimuliwa sana itolewe pale tu mizizi mipya inapoonekana. Mashina yakishakomaa, maji hupunguzwa sana, kwani kipindi cha ukavu husaidia kuchochea maua. Ishara ya kupona ni ncha mpya za mizizi na machipukizi chini ya mashina. Maua huweza kuchukua misimu kadhaa.

Uhifadhi na sheria

Ukataji wa miti na uchumaji wa kuuza umepunguza okidi hii porini. Mwaka 2013 shirika la IUCN liliiweka katika daraja la chini kati ya madaraja matatu ya spishi zinazotishiwa kutoweka. Imo pia katika Kiambatisho cha II cha mkataba wa CITES, hivyo kuivusha mpaka kunahitaji kibali. Kuibandua kwenye mti ulio hai si kuiokoa. Hata kwenye mti ulioanguka, idhini ya mwenye shamba au ya mamlaka ya misitu hutangulia.