Tranka Kutoka Pongwe

Kila Januari shule zinapofunguliwa, ukisimama pembeni mwa barabara ya Tanga kwenda Muheza pale Pongwe, utayaona matranka. Ni ya bati, mengine yamepakwa rangi ya buluu, mengine ya kijani, na ubavuni jina la mtoto limeandikwa kwa rangi nyeupe na mkono uliotetemeka kidogo. Kando ya tranka pana godoro lililokunjwa na kufungwa kamba ya katani, ndoo mbili zilizopachikana, jembe lisilo na mpini na fagio la chelewa. Mtoto amesimama katikati ya vitu vyake na sare mpya ambayo bado haijamkaa. Anaripoti bweni. Mara nyingi, hasa akiwa msichana, anapandishwa milimani kwenye shule ya masista au mapadri.

Nimeitazama picha hiyo miaka mingi, na swali langu limekuwa moja. Huu ni mwambao. Hapa ni kwa Wadigo, Wasegeju na Wabondei, na adhana ilisikika zamani kabla ya kengele yoyote ya misheni. Imekuwaje shule ya Kikatoliki ikawa ndoto ya mzazi wa Pongwe, hata mzazi ambaye mwenyewe hajawahi kuingia kanisani?

Jibu linaanzia chini ya miguu yetu. Pongwe ni mahali pa reli, mawe na mkonge. Wajerumani walianza kujenga reli kutoka bandari ya Tanga mwaka 1893. Ilikuwa reli ya kwanza katika koloni lao lote la Afrika Mashariki, na kipande chake cha mwanzo, kama kilomita 14, kilifika Pongwe mwaka 1894. Kwa muda mfupi Pongwe ndiyo ilikuwa mwisho wa reli. Mwaka 1896 reli ilifika Muheza, ikaendelea Korogwe na Mombo, ikaja kufika Moshi karibu na Vita Kuu ya Kwanza. Mawe ya chokaa ya hapa ndiyo baadaye yalileta kiwanda cha Saruji Tanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1980. Lakini uso wa nchi hii ulibadilishwa zaidi na mkonge. Miche yake ya kwanza iliingizwa mwaka 1893, mwaka uleule wa reli, na mtaalamu wa kilimo Richard Hindorf. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, ni 62 tu iliyofika hai. Kutokana na hiyo michache, mashamba yakatanda kufuata reli kama maji yanavyofuata mfereji.

Kanisa Katoliki halikuwa la kwanza kufika. Waanglikana wa UMCA walikuwa wamejikita Magila, huko Bonde, tangu miaka ya 1860, na Wabondei wengi waliojua kusoma walisoma kwao. Mjini Tanga, mwanzoni mwa miaka ya 1890, serikali ya Kijerumani ilifungua shule yake isiyofundisha dini, kwa sababu watawala walijua kuwa wazazi wa pwani hawangempeleka mtoto shuleni akabatizwe. Shule hiyo ikawa na mtambo wa kuchapia, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikaanza kutoa gazeti la Kiswahili lililoitwa Kiongozi, likasomwa na makarani na walimu wa koloni zima hadi vita vilipolizima mwaka 1916. Jina hilohilo ndilo Wakatoliki walilolipatia gazeti lao mwaka 1950. Naliona hilo kama jambo zuri: jina lililozaliwa katika shule ya Tanga isiyokuwa na dini likaja kusomwa milangoni mwa makanisa baada ya Misa.

Wakatoliki walioubadilisha mwambao huu hawakushuka melini. Walikuja kwa garimoshi, kwa malori na kwa miguu, na wengi wao walikuwa maskini. Walikuwa manamba, vibarua wa mashamba ya mkonge. Watu wa pwani hawakutaka kukata mkonge. Miiba yake inachoma, maji yake yanawasha ngozi, na kazi ilihesabiwa kwa kipande: siku 30 za kazi zilizokamilika ndipo ulipwe, hata kama kuzikamilisha kutachukua zaidi ya mwezi. Kwa hiyo wenye mashamba wakatafuta vibarua mbali. Kuanzia mwaka 1944 walikuwa na ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyokusanya watu kutoka Songea, Kigoma, Rwanda, Burundi na kwingineko. Kila mmoja alipewa namba yake, na jina manamba likatokana na hapo.

Hebu fikiri walitoka wapi. Ungoni, upande wa Songea, kulikuwa na Wabenediktini wa Peramiho tangu mwaka 1898. Rwanda na Burundi kulikuwa na White Fathers. Kijana aliyeshuka kwenye behewa akiwa na blanketi moja alikuwa na rozari mfukoni, na alipopata mtoto kambini alitaka abatizwe na asome. Katika kambi za mkonge, masomo yalianza na katekista: ubao mmoja, chaki, watoto wameketi chini, a-e-i-o-u asubuhi na sala jioni. Sauti ya korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, ilisikika mchana kutwa. Shule za aina hiyo hazikuacha kumbukumbu nyingi za maandishi, na kwa maoni yangu hilo ni deni tunalodaiwa na makatekista wale. Wao ndio waliofungua mlango.

Mwaka 1945 Warosmini walifika eneo la Tanga, shirika lililoanzishwa na Padri Antonio Rosmini wa Italia mwaka 1828. Mwaka 1950 Tanga ikawa eneo la kimisionari linalojitegemea, na mwaka 1958 ikawa jimbo kamili, askofu wake wa kwanza akiwa Eugene Arthurs wa shirika hilohilo. Jina la Rosmini bado lipo mjini Tanga katika shule ya sekondari. Lakini moyo wa elimu ya Kikatoliki mkoani ulijengwa juu, Usambara, kwenye hewa baridi na mbali na malaria.

Kifungilo, karibu na Lushoto, masista wa Damu Azizi walilea watoto ambao jamii ya kikoloni haikujua iwaweke wapi, waliozaliwa na mzazi Mwafrika na mzazi wa rangi nyingine. Mmoja wao ni Maria Nhambu, aliyezaliwa mwaka 1943. Alisimulia maisha yale katika kitabu chake cha Kiingereza, Africa's Child, kilichotoka mwaka 2016, bila kuficha upweke wala adhabu, na bila kuficha pia kwamba darasa ndilo lililomwokoa. Baadaye alikwenda Marekani akafundisha Kiswahili katika shule ya sekondari huko Minneapolis. Kiswahili cha milima ya Lushoto kikafika penye theluji.

Ilipokuja 1969, Sheria ya Elimu ilitoa shule za mashirika ya dini mikononi mwao na kuziweka chini ya serikali. Aliyeongoza nchi alikuwa mwenyewe mwalimu wa shule za Kikatoliki. Julius Nyerere alifundisha Mtakatifu Maria Tabora, kisha Mtakatifu Fransisko Pugu, ambako aliacha kazi mwaka 1955 ili ashike TANU. Aliijua faida ya shule hizo, na alijua pia kwamba nchi iliyorithi elimu iliyogawanywa kwa dini haiwezi kukaa kwa amani. Mimi niko upande wake katika hilo. Mtoto wa Kiislamu wa Pongwe aliyekuwa anachagua kati ya ubatizo na ujinga alionewa, na mwaka ule alipata haki yake. Kanisa likabaki na seminari, kama ile ya Mtakatifu Yosefu kule Soni, kwa kuwa hizo zilikuwa za kulea mapadri.

Mkonge nao ukaanguka. Mwaka 1964 nchi ilizalisha zaidi ya tani 230,000, kisha kamba za plastiki zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na nyasi zikaota hadi milangoni mwa kambi. Wajukuu wa manamba hawakurudi Songea wala Rwanda. Wakawa watu wa Tanga.

Miaka ya 1980 serikali ilikubali tena shule za watu binafsi na mashirika, maana nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na kwa wasichana zilikuwa chache zaidi. Mwaka 1989 padri Mbenediktini Mmarekani, Damian Milliken, alianzisha sekondari ya wasichana ya Mtakatifu Maria Mazinde Juu, wilayani Lushoto. Alikuwa Tanzania tangu mwanzoni mwa miaka ya 1960, na alikuwa ameona binti wa Usambara akimaliza darasa la saba na kuolewa. Mazinde Juu iko ukingoni mwa mlima, na chini yake kuna uwanda ambako reli ya Pongwe inapita kwenda Moshi. Shule imekuwa ikitajwa miongoni mwa zinazofanya vizuri kitaifa, na safari hii hakuna anayeulizwa dini yake mlangoni. Mabinti wa Kiislamu wanasoma humo na kufunga Ramadhani.

Mtoto wa pwani akifika bweni la mlimani, kinachomshangaza kwanza ni ukungu. Anavaa sweta mwezi wa saba na bado meno yanagongana. Kengele inalia kabla ya mapambazuko, ndoo zinagombaniwa bombani, maji ni ya baridi kiasi cha kumsahaulisha usingizi. Wakatoliki wanakwenda Misa, wengine wanajisomea au wanafanya usafi. Kisha uji, paredi, na ukaguzi wa kucha na kola. Njuka, yaani mwanafunzi mgeni, hujulikana haraka: ndiye anayeuliza kila kitu, na ndiye anayetumwa na viranja. Mchana ni ugali na maharage, au makande, chakula ambacho mtoto wa Pongwe aliyezoea samaki na nazi hukililia wiki ya kwanza na kuomba kiongezwe ifikapo ya tatu. Alasiri ni jembe na kwanja. Masista wanaamini katika bustani kama wanavyoamini katika hesabu, na nadhani hawakosei. Usiku ni prepo, saa za kujisomea, kimya hadi unasikia kalamu zikikwaruza, na taa zinazimwa kwa saa, si kwa hiari.

Kilichowavuta wazazi wa hapa, kwa jinsi wanavyoniambia, ni kimya kile. Nyumbani kuna redio, wageni, kisima, mdogo wa kubebwa mgongoni. Kule, kwa saa mbili kila usiku, binti hana kazi nyingine ila kitabu.

Lakini ada ni nzito. Mwaka 2016 sekondari za serikali zilifutiwa ada hadi kidato cha nne, na Pongwe watoto wengi wanakwenda shule za kata. Shule za Kanisa zinaishi kwa ada na wafadhili, na mara nyingi mtoto wa kibarua, yule ambaye babu yake alifundishwa na katekista kwenye kambi ya mkonge, ndiye anayebaki nje. Hilo linaniuma.

Januari iliyopita nilimwona mama mmoja amevaa baibui, akihakiki vitu vya bintiye kwa karatasi ya shule. Shuka mbili, sahani, kikombe, jembe. Kondakta alikuwa ameshapandisha tranka juu ya basi. Mama akafungua mkoba, akatoa msala uliokunjwa vizuri, akauliza kwa sauti ndogo kama bado inawezekana kufungua tranka. Kondakta alipanda tena juu.